Ibn Battuta: Nani walikilipia kitabu kilichoitaja Kilwa?



Katika makala yetu ya leo tunamkumbuka Muhammad bin Abdallah, Mlawati wa mji wa Tanja (Tangier) huko Morocco, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Ibn Battuta. Watoto wetu humsoma shuleni kwa kuwa aliifikia Kilwa mwaka 1331 na akaacha maelezo yake. Safari zake zimekwisha kusimuliwa mara nyingi, nasi hatutazirudia zote. Tunataka kumtazama kwa upande usiozoeleka, nao ni upande wa fedha: ni nani waliomlipia njia, na ni nani waliokilipia kitabu chake hata kikatufikia sisi wa pwani ya Kusini karibu karne 7 baadaye.

Hatuulizi hayo kwa udadisi mtupu. Kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi na Mikindani wako walimu wa madrasa, washairi na wazee wenye kujua tarehe za miji yao, ambao wamekwisha kuandika. Miswada yao imo ndani ya mifuko ya plastiki, juu ya makabati, ikingoja mchapishaji wa Dar es Salaam ambaye naye ana hofu yake ya halali kwamba kitabu cha habari za Lindi hakitauzika kiasi cha kurudisha gharama. Mwandishi anangoja, mchapishaji anasita, na mchwa hawangoji mtu. Maisha ya Ibn Battuta yana la kutufunza katika jambo hili, maana kitabu chake hakikupitia kwa mchapishaji hata mmoja kwa muda wa miaka 470 na zaidi, na hata hivyo hakikupotea.

Alizaliwa Tanja mwezi wa Rajabu mwaka 703 Hijria, yaani Februari 1304, katika nyumba ya makadhi wa madhehebu ya Maliki. Akasomeshwa fiqhi kama ilivyotarajiwa. Mwezi wa Rajabu mwaka 725, sawa na Juni 1325, aliondoka kwao kwenda kuhiji, akiwa na umri wa miaka 21, peke yake, bila ya msafara wala rafiki, akiwaacha wazazi wake wawili wakiwa hai. Hakupata kuwaona tena. Habari za kifo cha baba yake alizipata Damascus miaka mingi baadaye, naye mzee akiwa amekwisha lala kaburini miaka 15. Mama yake alichukuliwa na tauni ile kubwa muda mfupi tu kabla ya mwanawe kurejea Morocco mwaka 1349.

Kijana huyu hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni elimu, na katika dunia ya Kiislamu ya wakati ule elimu ilikuwa na mahali pa kulala na sahani ya chakula. Palikuwa na zawia, madrasa na nyumba za wageni zilizoendeshwa kwa mali ya waqfu, ambamo msafiri mwenye kutafuta elimu alipokewa bila kuulizwa alichonacho mfukoni. Alipofika Tunis, mahujaji wenzake walikwisha kumfanya kadhi wa msafara wao.

Damascus, alikofika mwaka 1326, ndiko alikoona jambo ambalo twapenda kusimama nalo kidogo. Aliorodhesha waqfu za mji ule akastaajabu kwa wingi wake. Palikuwa na waqfu wa kuwahijia wasioweza kuhiji, waqfu wa kuwaoza mabinti ambao jamaa zao hawana uwezo, waqfu wa kuwakomboa mateka, waqfu wa wasafiri, na hata waqfu wa kutengeneza njia za watembeao kwa miguu. Siku moja akipita kichochoroni alimwona mtumwa mdogo aliyeangusha sahani ya kauri ya China, ikavunjika, watu wakamkusanyikia. Mmoja akamshauri aokote vipande avipeleke kwa msimamizi wa waqfu wa vyombo. Akaenda naye, vipande vikaonyeshwa, na mtoto akapewa thamani ya sahani nyingine, akaokoka na kipigo cha bwana wake. Ibn Battuta aliliona jambo hilo kuwa ni tiba ya nyoyo. Nasi twasema kwamba mji uliofikia hatua ya kuwa na mfuko wa sahani zilizovunjika ulikwisha kuelewa vizuri maana ya watu wengi kutoa kidogo kidogo kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Baada ya hija alizunguka Iraq na Uajemi, akarudi Makka, akakaa. Kisha akateremka Yemen, na kutoka Aden akapanda chombo cha kuja kwetu.

Alipitia Zeila, akafika Mogadishu baada ya siku 15. Huko alikuta desturi ya kwamba vijana wa mji huendea kila jahazi kwa mashua, wakiwa wamebeba chakula, na kila mmoja humchukua mfanyabiashara mmoja kuwa mgeni wake. Yeye kwa kuwa ni mtu wa elimu alipelekwa kwa kadhi. Akalishwa wali kwa samli, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili na tangawizi. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Akawasifu watu wake kwa uchamungu na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kisha akafika Kilwa.

Aliyoyaandika juu ya Kilwa hayazidi kurasa chache. Aliusifu mji kwa uzuri wa majengo, ingawa alisema ni ya mbao na yameezekwa kwa majani. Neno hilo limewasumbua wanahistoria, kwa sababu wakati wa ziara yake Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo, na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane, lilikuwa limejengwa au linajengwa. Neville Chittick alipofukua pale baada ya mwaka 1958 alikuta jina la sultani huyo huyo limechongwa katika jiwe. Sisi tunaona hakuna haja ya kumwita Ibn Battuta mwongo. Alikaa muda mfupi, nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na makuti, naye aliyasimulia hayo miaka 24 baadaye. Atakayesimulia leo bila ya daftari mji alioupitia mwaka 2000, na ajaribu.

Kilichomkaa moyoni ni sultani. Huyu ni al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Fedha zake za shaba zimeokotwa hadi Great Zimbabwe. Alikuwa akitenga khumsi ya ngawira kwa ajili ya masharifu, nao wakimjia kutoka Iraq na Hijazi. Siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini kwenda kwake, fakiri mmoja wa Kiyemeni alimsimamisha njiani akamtaka nguo zile zile alizozivaa. Sultani akarudi hadi nyumba ya khatibu, akabadilisha, akamwachia fakiri achukue. Watu wakamsifu mno. Mwanawe aliyekuwa mrithi wa kiti akazirejesha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa 10 badala yake, na sultani aliposikia namna watu walivyoshukuru akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Zawadi ya binadamu kwa binadamu inatuchoma sisi watu wa leo, na pwani yetu, iliyoiona Kilwa Kivinje ya karne ya 19, ina sababu ya kuchomwa zaidi kuliko wengine. Lakini hivyo ndivyo ilivyosimuliwa.

Kisha Ibn Battuta akaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Sultani yule alipofariki, akatawala nduguye Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akimjia humwambia kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakiambulia kidogo sana, mpaka wakaacha kuja mlangoni. Elimu iliyokuwa ikiingia Kilwa kutoka Iraq na Hijazi kwa pumzi ya mtu mmoja ilikatika pumzi hiyo ilipokatika.

Tuliweke hilo akilini, maana litarudi.

Kutoka Kilwa alirudi Arabuni kwa Dhofari na Oman, akapita Anatolia na nchi za Watartari, na mwishoni mwa mwaka 1333 alikuwa amefika mpakani mwa India. Huko alikuta utaratibu wa ajabu wa fedha. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alikuwa akirudisha kila zawadi aliyopewa na mgeni kwa thamani iliyo maradufu. Basi wafanyabiashara wakawa wanawakopesha wageni farasi, ngamia na bidhaa za kumpelekea sultani, ili wapate sehemu katika kile kitakachorudi. Ibn Battuta akaingia katika mchezo huo kwa miguu yote miwili. Akawa kadhi wa Delhi, akaishi kwa ukubwa, na madeni yakafika dinari 55,000 mpaka wenye mali wakamkaba. Sultani akayalipa baada ya kuombwa sana. Tajiri mmoja aliyetoa alikuwa pia mtu wa kuogopwa: Ibn Battuta aliona watu wakiuawa kwa amri yake, na wakati fulani yeye mwenyewe aliwekewa ulinzi, akakaa siku kadhaa kwa saumu na dua akidhani saa yake imefika.

Mwaka 1341 alitumwa China kama balozi, vyombo vikazama Calicut. Akaenda visiwa vya Maldives akawa kadhi na kuoa, akafika Ceylon, Bengal, Sumatra, na China kwa mujibu wa maelezo yake. Katika pwani ya Malabar maharamia walimpora kila kitu isipokuwa suruali. Miongoni mwa vilivyopotea baharini mikononi mwa waporaji wa India zilikuwamo karatasi zake alizonakili maandishi ya makaburi ya wanavyuoni wa Bukhara. Mtu huyu, basi, alirudi kwao bila ya mswada. Baada ya kuzuru Andalusia na kuvuka jangwa hadi Mali mwaka 1352, aliitwa na sultani wa Morocco, Abu Inan, arudi Fez.

Hapa ndipo kitabu kilipozaliwa. Abu Inan aliamuru msafiri asimulie na akamteua mwandishi, Muhammad bin Juzayy, kijana mshairi wa Granada, ayaandike kwa lugha nzuri. Msafiri akaimla, mwandishi akaandika. Kazi ya kuimla ilimalizika tarehe 3 ya Mfunguo Tatu mwaka 756, yaani Desemba 1355, na Ibn Juzayy akamaliza kuipanga na kuisafisha mapema mwaka 1356. Gharama yote ilikuwa ya mfalme.

Twampa Ibn Juzayy heshima yake, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa. Ndiye aliyeziunganisha safari zilizokatana, akaongeza mashairi mahali palipofaa, na alipoona maelezo ya Damascus au Makka hayatoshi akachota katika kitabu cha msafiri aliyetangulia, Ibn Jubayr, bila ya kusema sana. Hilo la mwisho leo tungeliita wizi. Lakini bila ya mkono wake tungelibaki na masimulizi ya mzee mwenye kumbukumbu nyingi na mpangilio mdogo. Mwandishi wa pwani yetu anayetaka kukwepa kampuni ya uchapishaji na akimbilie kiwandani moja kwa moja na akumbuke kwamba kampuni ile haikuwa ikitoa fedha peke yake. Ilikuwa pia ikitoa Ibn Juzayy wake. Akiikwepa, yampasa amtafute mhariri yeye mwenyewe na amlipe.

Ibn Juzayy alifariki muda mfupi baada ya kazi ile. Mwaka 1358 Abu Inan naye akauawa na waziri wake mwenyewe. Kwa mara ya pili katika maisha ya Ibn Battuta, mtoaji alikuwa amekufa. Msafiri akaenda zake kuwa kadhi katika mji mdogo wa Morocco, na akafa huko, wengine wakisema mwaka 1368 au 1369 na wengine 1377, bila ya kishindo. Huko Fez wako waliomcheka. Ibn Khaldun, aliyekuwa kijana katika baraza lile, ameeleza kwamba watu walinong'ona kuwa huyu ni mwongo, na yeye mwenyewe alikuwa na shaka, mpaka waziri mmoja aliyeitwa Faris akampigia mfano wa mtoto aliyelelewa gerezani: aliposikia habari za kondoo alidhani ni aina ya panya, maana mnyama aliyemjua alikuwa panya.

Sasa kitabu kilikuwa hakina mfalme, hakina mwandishi, na kina wenye kukicheka. Kilinusurikaje?

Kilinusurika kwa watu wadogo. Katika dunia ya hati za mkono, kila nakala ilikuwa na mlipaji wake. Mtu akipenda kitabu alinunua karatasi, akamlipa mnakili, akangoja majuma au miezi, na nakala ikawa yake, au akaiweka waqfu msikitini ili wengine wasome. Siyu, katika visiwa vya kaskazini mwa pwani yetu, ilikuwa na wanakili wa Misahafu kwa utaratibu huo huo. Hapakuwa na mtu aliyeamua kwamba kitabu cha Ibn Battuta kitoke nakala elfu. Palikuwa na huyu wa mji huu na yule wa mji ule, kila mmoja akilipa nakala moja, kwa muda wa karne 4 na zaidi. Mwanachuoni mmoja wa Aleppo, al-Bayluni, alikifupisha katika karne ya 17, na muhtasari wake nao ukanakiliwa.

Nakala za muhtasari huo zilinunuliwa na msafiri wa Kiswisi, Johann Ludwig Burckhardt, aliyefariki Cairo mwaka 1817 na kuviachia vitabu vyake Chuo Kikuu cha Cambridge. Pale Cambridge alikuwapo profesa wa Kiarabu aitwaye Samuel Lee, ambaye ujanani alikuwa mwanafunzi wa useremala na alijifunza lugha mwenyewe baada ya kazi. Akaufasiri muhtasari kwa Kiingereza. Ni mchapishaji gani wa kibiashara wa London ya wakati ule angetia fedha zake katika safari za Mmorocco aliyekufa karne 4 zilizopita? Kitabu kilitoka mwaka 1829 kwa njia nyingine. Mwaka mmoja kabla, jijini London, ulikuwa umeundwa mfuko wa kufasiri vitabu vya Mashariki, na wanachama wake waliahidi gini 10 kila mwaka. Fedha zilikusanywa kwanza, vitabu vikachapwa baadaye, na mchangiaji akapata nakala yake nzuri. Safari za Ibn Battuta zilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mfuko huo.

Njia hiyo ilikuwa na umri mrefu Uingereza. Mwandishi alitembeza karatasi, watu wakaandika majina na kulipa mapema, na orodha ya majina ikachapwa ndani ya kitabu. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa na kujinunua, alichapisha habari za maisha yake mwaka 1789 kwa orodha ya wachangiaji zaidi ya 300, na kwa kuwa hakumuuzia mtu haki ya kitabu, faida ya matoleo mengi yaliyofuata ilibaki kwake. Leo jambo hili limepewa jina jipya na kuhamia kwenye intaneti, na vijana hudhani limeanza na Kickstarter ya Marekani mwaka 2009.

Kuna upande wa pili. Katika orodha ya wale wa London hakuna jina la mtu wa Kilwa wala wa Tanja. Aliyelipa ndiye aliyechagua kitabu gani kifasiriwe, kwa lugha gani, na nakala ikae wapi. Tarehe ya Kilwa yenyewe, Kitab al-Sulwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, ilipita njia hiyo: nakala kutoka kwa Sultani Barghash wa Unguja ilifika kwa balozi wa Uingereza, John Kirk, ikahamia London, na mwaka 1895 Arthur Strong akaichapa katika jarida la jumuiya ya wanachama wanaolipa ada. Utenzi wa Vita vya Maji Maji, alioutunga Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuhusu vita vilivyopigwa katika ardhi yetu wenyewe, toleo lake linalojulikana zaidi ni la mwaka 1957, lililotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kwa kazi ya W. H. Whiteley. Tunawashukuru waliohifadhi. Lakini twaona aibu kidogo kwamba katika safari hizo zote sisi tulikuwa watu wanaoandikwa, na hatukuwa watu wanaochangia.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hatujui kuchanga. Hakuna umma wenye kujua kuchanga kama Watanzania. Harusi moja ya Lindi mjini ina kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za mchango na kundi la simu lenye kukumbusha usiku na mchana, na fedha hupatikana, kisha huliwa kwa jioni moja. Msikiti ukihitaji bati, bati hupatikana. Kwa utaratibu huo huo, watu 200 wakilipia nakala zao kabla ya kuchapwa, mswada wa mwalimu wa Kilwa Masoko utakuwa kitabu, na wala hatakuwa amemwangukia mtu mmoja tajiri ambaye kesho atafariki au atakasirika. Nambari ya kimataifa ya kitabu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Si jambo la kampuni peke yake.

Hofu yetu iko katika amana. Fedha ya kitabu ambacho hakijachapwa ni fedha ya watu, na shari huingia hapo. Huko Uingereza kampuni iitwayo Unbound, iliyoanza mwaka 2011 kwa kukusanya michango ya wasomaji kwa vitabu ambavyo havijaandikwa, ilifilisika mwaka 2025, waandishi wakibaki wanadai na wachangiaji wakingoja vitabu walivyokwisha kuvilipia. Kwa hiyo kwanza ipatikane bei ya kiwanda kwa maandishi, halafu ndipo litajwe la mchango. Fedha isikae katika simu ya mwandishi; ikae kwa watu watatu wasiokuwa jamaa zake. Isemwe tangu siku ya kwanza kwamba lengo lisipofikiwa kila mtu atarudishiwa, na kwamba kikizidi kitu kitakwenda wapi. Tungependelea kiende katika nakala za waqfu kwa madrasa za Kilwa, Lindi na Mikindani, kwa kuwa mtoto wa madrasa hana wa kumlipia nakala yake. Majina ya wachangiaji yachapwe nyuma ya kitabu, makubwa na madogo kwa herufi za ukubwa mmoja, na asiyetaka jina lake litajwe aachwe na siri yake.

Mkusanyiko wa namna hiyo una faida ambayo mfalme hana. Kitabu kamili cha Ibn Battuta kilichapwa kwa Kiarabu jijini Paris kati ya mwaka 1853 na 1858, kutokana na nakala zilizochukuliwa Algeria baada ya Wafaransa kuivamia mwaka 1830. Kukifasiri chote kwa Kiingereza kulifanywa na Hamilton Gibb kwa ajili ya Hakluyt Society ya London, chama kilichoundwa mwaka 1846 ambacho wanachama wake hulipa ada ya mwaka na kupokea vitabu. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Ya pili, yenye habari za Mogadishu, Mombasa na Kilwa, ilitoka mwaka 1962. Ya tatu ilitoka mwaka 1971, na mwaka huo huo Gibb akafariki, kitabu kikiwa hakijakwisha. Chama kikaendelea kupokea ada. Charles Beckingham akaichukua kazi, juzuu ya nne ikatoka mwaka 1994, naye Beckingham akafariki mwaka 1998. Juzuu ya tano, ambayo ni faharasa tupu ya majina ya watu na miji, ilitoka mwaka 2000, miaka 42 baada ya ile ya kwanza, na bila shaka wengi wa walioilipia ile ya kwanza walikuwa wamekwisha kufa, na ada ilikuwa ikilipwa na wengine.